Sumaku Iliyofungwa Gotini

Jumatatu, 3 Machi
Shangazi ametangaza: chumba changu anapewa shemeji yangu, Fundi Redio, aliyemwoa binamu. Mimi nikalale sebuleni. Na ndevu zangu zote hizi! Atahamia Ijumaa. Hapati kitu! Chumba nitakitia mzimu kabla hajafika. Sumaku ninayo, kubwa, nimeichomoa kwenye spika mbovu aliyoitupa yeye mwenyewe.

Jumanne, 4 Machi
Nimewakaribisha wote chai chumbani. Sumaku nimeifunga gotini, chini ya meza. Kijiko kikatambaa chenyewe kuelekea sukari. Binamu akapiga ukelele. Shangazi akasema chumba kimeingiliwa. Raha iliyoje! Fundi alikitazama tu kile kijiko.

Jumatano, 5 Machi
Fundi kaja na vijiko vyake, eti turudie. Nimesukuma goti mpaka likauma. Wapi! Akaeleza kwamba sumaku hunasa chuma, lakini alumini haina habari nayo. Akainua kitambaa cha meza, goti langu hadharani. Shangazi akasema njia ya mwongo ni fupi. Aibu!
Kisha Fundi akadondosha kipande cha sumaku ndani ya bomba la shaba. Shaba nayo hainaswi, tulijaribu. Ila sumaku ilishuka polepole, kama mtu anayepapasa ngazi gizani. Akasema sumaku ikipita huzalisha umeme ndani ya shaba, na huo ndio unaoizuia. Aambiwe mwingine.

Alhamisi, 6 Machi
Sumaku zote kaondoka nazo Fundi. Nimekaa peke yangu, mchana kweupe, nafungasha nguo. Kikombe cha mbao kimesogea mezani. Nimekirudisha. Kimenifuata tena. Nimechungulia chini ya meza: hakuna mtu. Naogopa, sifichi.

Ijumaa, 7 Machi
Fundi kaingia na mizigo, kafunga mlango. Punde akatoka mbio, akasema chumba hata bure hakitaki. Shangazi kaamua chumba kiwe changu moja kwa moja, ila atanifungia kwa nje, kilichomo kisije kikatoka. Nimeshinda! Fundi kanivuta pembeni, akanisihi nisiingie, maana humo hamna sumaku wala umeme. Wivu tu huo!
Naandika nikiwa kitandani. Kufuli limeshalia. Kitanda ni cha mbao tupu, hakina hata msumari, nacho kinanivuta taratibu kuelekea ukutani. Safi sana! Kilichomo humu kikishanizoea, nitakihamishia chumbani kwa Shangazi, nibaki na nyumba nzima.