Profesa Atafuta Kiteguzi

Tangu kompyuta zianze kutengenezwa, hakuna hata moja iliyowahi kumshinda Profesa. Hayo si maneno yangu. Ni yake mwenyewe, na aliyatoa bure kwa yeyote aliyekaa naye zaidi ya dakika tatu.

Kwa kazi alikuwa karani wa masijala. Alishinda akitafuta mafaili na kuyarudisha pasipo pake. Uprofesa alijipa siku alipoifuta kompyuta ya nyumbani na kuiwekea programu huria, zile ambazo waliozitunga wanakuachia uzifungue, uzichokonoe na kuzigeuza upendavyo. Profesa alichokonoa weee! Kisha akajitolea kuzitafsiri kwa Kiswahili. Miezi saba, ujumbe wa skrini mia nne na kumi na mbili! Wenye programu, watu wasiojua neno moja la Kiswahili, wakamwandikia barua ya kumsifu kwa ufasaha wake. Akaitia kwenye fremu na kuitundika sebuleni, juu kidogo ya picha ya harusi.

"Kiswahili changu si cha kuulizia bei ya viatu," alimwambia mkewe. "Ni cha kukaa nacho ukatafakari!"

Mkewe, muuguzi wa miaka kumi na minne kazini, hakuwa na muda wa kutafakari. Jumatatu hiyo saa nne asubuhi alikuwa na usaili kwa njia ya mtandao. Nafasi ilikuwa moja tu, ya muuguzi mkuu wa wodi ya watoto, na alikwisha kuikosa mara mbili. Akiikosa na safari hii, ndiyo basi tena, angezeekea kwenye zamu. Alitaka kutumia simu yake, yaishe.

"Simu!" Profesa almanusura apaliwe na mate. "Mke wa mtu kama mimi asailiwe kwenye kioo cha ukubwa wa kiganja? Hapana, mama watoto. Utaketi mbele ya kompyuta, uonekane mpaka vifungo vya sare!"

Saa tatu na robo akaiunganisha kompyuta na mkutano. Picha ikaja safi ajabu. Meza ndefu, viti vitatu, na wasaili wawili waliowahi wakipanga karatasi huku wakizungumza. Midomo ilikwenda. Sauti, hola!

Profesa akacheka kidogo, kicheko cha daktari aliyeletewa mafua. Akabofya hapa, akabofya pale, na skrini ikamletea ujumbe:

"Tanbihi: kitoamlio kimeghibu katika ukimyazi. Tengua ukimyazi kwa kiteguzi."

"Inasemaje?" mkewe akauliza.

"Inaeleza hali."

"Hali gani?"

"Hali ya ukimyazi."

"Ndiyo kitu gani hicho?"

Profesa akakuna kidevu. Akausoma ujumbe tena, polepole, na safari hii akauelewa kidogo kuliko mara ya kwanza.

"Baba watoto, si wewe uliyeandika haya?"

"Niliandika nikiwa na msukumo! Msukumo ukishaondoka, mtu hawezi kuulizwaulizwa!"

Akaleta kamusi. Ukimyazi haumo. Kiteguzi hakimo. Akaingia kwenye mipangilio na huko akakuta kipembuzi, kidhukuri na kitamanio, wote wanawe wa kuzaa mwenyewe, na hakumtambua hata mmoja. Akabofya kipembuzi, skrini ikageuka miguu juu. Akabofya kidhukuri, printa iliyokuwa imelala tangu mwaka jana ikashtuka na kutema karatasi tatu nyeupe. Akaibembeleza ikanyamaza. Iliyomchukua muda zaidi ni skrini, maana ilibidi aisome huku ameinamisha kichwa kama anayetafuta hereni chini ya kitanda.

Saa nne kasoro tano mkewe akasimama, akaiweka sawa kola ya sare. Sauti yake ilikuwa ile ile ya wodini.

"Nakwenda chumbani na simu yangu. Naomba uizime hiyo."

"Nenda, mke wangu. Hutafika hata swali la pili, sauti hii hapa!"

Kuizima? Thubutu! Alilisogeza tu dirisha la mkutano nyuma ya madirisha mengine, akavua shati, akabaki na fulana yenye tundu kwapani, akaingia uvunguni mwa meza. Waya za spika alizichomoa zote, akazipuliza, akazirudisha. Kimya. Akapiga magoti, akaikumbatia mashine na kuinong'oneza maneno ya mapenzi. Kimya. Akaipiga kofi, halafu akaiomba radhi.

Ndipo akaamua kuomba msaada, lakini kwa siri, heshima isipotee. Wenye programu walikuwa na jukwaa la maswali, na kila lugha ilikuwa na baraza lake. Akaingia la Kiswahili, akajiita Mgeni Mnyenyekevu, akaandika: "Wakubwa shikamooni, naomba kujua ukimyazi ni nini."

Haikupita hata dakika moja, simu yake ikalia. Ujumbe umeingia! Akaidaka kwa mikono miwili.

"Ndugu msimamizi wa baraza la Kiswahili," ujumbe ulisema, "kuna mgeni ana swali. Tafadhali msaidie."

Profesa alitazama huku na huku, ingawa alikuwa peke yake. Kisha akamjibu yule mgeni kwa ukali kidogo, kwamba kabla ya kusumbua watu asome mwongozo. Mgeni akaenda kuusoma. Mwongozo nao ulikuwa umetafsiriwa na Profesa.

Hapo akafanya jambo ambalo aliapa halitamtoka kinywani mpaka kaburini. Akafunga mlango wa sebule, akashusha pazia, akairudisha kompyuta kwenye Kiingereza. Ujumbe ukatokea upya, mfupi, wa kueleweka hata na mtoto wa chekechea. Ulisema sauti imezimwa, bonyeza hapa kuiwasha. Akabonyeza.

Spika zikakoroma!

"Nani kama mimi!" Profesa akarukia juu ya kiti, akatunisha kifua. "Nauliza tena, nani kama mimi! Iko wapi mashine ya kunishinda chini ya jua hili?"

"Amepanda kiti sasa," spika zikasema kwa sauti ya mama mtu mzima. "Endelea tu, sista, tunakusikiliza."

Profesa akaganda. Taratibu akanyoosha mkono, akalileta mbele dirisha la mkutano. Nyuso tatu zilikuwa zikimtazama, na mmoja alikuwa akijifuta machozi kwa tai. Pembeni, ndani ya kidirisha chake, alikuwepo mkewe, ametulia kama anayempima mtoto homa.

"Huyu ni nani wako?" akauliza yule mama, ambaye alikuwa daktari mkuu.

"Mume wangu, daktari. Nilimwona tangu swali la kwanza. Nikahofia nikimshtua atang'oa waya zote."

"Tumekuwa naye dakika arobaini," daktari akasema. "Amelala uvunguni, ameikumbatia mashine, ameipiga kofi. Na wewe umetujibu yote bila kupandisha sauti hata mara moja." Akafunga faili mbele yake. "Lilibaki swali la namna ya kumhudumia mtu anayekataa kusaidiwa. Hilo tumelifuta. Wenzangu mnasemaje?"

Wenzake wakatikisa vichwa kukubali. Yule wa tai alikuwa bado akicheka.

"Basi utaanza tarehe mosi, sista. Hongera sana."

Mkewe akaziba mdomo kwa viganja viwili. Machozi yakamtoka. Mara mbili alikuwa ametoka kwenye usaili akilia, na hii ya tatu alilia akicheka.

Profesa akashuka kwenye kiti, akakohoa kidogo, akaisogelea kamera mpaka pua ikajaa skrini.

"Waheshimiwa," akasema, "nashukuru kwamba mchango wangu wa kitaalamu umetambuliwa."

"Umetambuliwa, bwana," daktari akajibu. "Sasa vaa shati."