Juma la Wachunguza Makosa

Jumatatu, 4 Machi
Wageni wamefika. Mama mmoja wa chuo kikuu na mpiga picha wake. Wanachunguza kwa nini watu huumia katika michezo kama huu wetu, wa kuteleza kwenye waya kutoka mnarani. Msimamizi katuambia atakayeng'ara mbele yao atahamia chini, kukatia wateja tiketi akiwa amekaa kitini! Kivulini! Mgongo wangu umechoka kusimama. Kiti hicho ni changu.

Jumanne, 5 Machi
Mpinzani ni mmoja: Shemeji. Si shemeji wa mtu, ila humwita kila mtu hivyo. Mimi nafunga kulabu ya mteja kwenye waya, yeye anakagua. Leo nikakagua alivyokagua, nionekane mkubwa wake. Akaniuliza kama nimeamka vibaya. Yule mama mtafiti anaandika tu.

Jumatano, 6 Machi
Nilimsomesha mtafiti, mikono hewani. Nikamwambia mtu makini hakosei, wanaokosea ni wazembe. Huku narudi kinyumenyume kumwonyesha ukingo wa mnara. Shemeji akanidaka mkanda. Kulabu yangu mwenyewe inaning'inia, sijaifunga!
"Shemeji," akasema polepole, "unakwenda wapi bila waya?"
Nimeitwa ofisini kesho asubuhi. Basi, nimekwisha. Nyumbani mke na watoto wanakula kwa mnara huu. Nitarudi na nini?

Alhamisi, 7 Machi
Sikufukuzwa! Mtafiti kanitetea. Picha zinaonyesha sote tunakosea tukiongeleshwa wakati wa kufunga. Tena mimi namtegemea Shemeji ataona, naye ananitegemea mimi. Eti kosa si la mtu, ni la kazi ilivyopangwa. Nikashusha pumzi kama niliyetua gunia. Wamepaka mraba mwekundu sakafuni: aliye ndani yake anafunga kulabu, haongeleshwi. Nikampigia mke wangu. Akamshukuru Mungu, akasema nami nimshukuru Shemeji. Nitaangalia.

Ijumaa, 8 Machi
Kiti kapewa Shemeji. Haya. Ila nimegundua siri: mrabani hutumwi! Msimamizi alikuja na ndoo nikapige deki, akanikuta humo, akaiweka miguuni pangu na kuondoka kimya. Nikashinda humo kama mfalme. Mtafiti akauliza kwa ishara mbona sitoki. Nikamweleza mpango wote, kwa sauti, huku najifunga kulabu bila kutazama. Akanyoosha kidole kwenye kulabu yangu. Nilikuwa nimejifunga kwenye mpini wa ndoo.
Nikamwambia aandike: ndoo ndiyo iliyopangwa vibaya.