Maharage Kwenye Hodhi la Marumaru

Alhamisi, 9 Oktoba

Tumeingia! Mimi, Fulcran Azéma, mwalimu mstaafu wa udereva, nimo ndani ya kuta za ngome ya Carcassonne, kwenye hoteli wanakolala mawaziri. Zawadi ya binti yetu kwa miaka arobaini ya ndoa. Mke wangu Noélie alitokwa na machozi mlangoni. Tangu utotoni alikuwa akizitazama taa za Ngomeni kupitia dirisha la jikoni kwao, kule mji wa chini. Kaliona hodhi la kuogea, la marumaru, lenye miguu ya simba, akalipapasa. Anadhani tarehe hii niliichagua kwa mapenzi.

Niliichagua kwa sababu Jumapili Udugu wa Chungu unakutana hapa hapa kumteua mwanachama mpya. Nafasi moja. Joho moja jekundu, kofia moja yenye umbo la chungu. Kila mwombaji huleta cassoulet yake: maharage meupe, mapaja ya bata, soseji, ngozi ya nguruwe, vyote vimeiva polepole mpaka juu pakashika ganda la dhahabu. Mimi nimekataliwa mara mbili. Mara ya kwanza nilihutubia hadi chakula kikapoa. Mara ya pili chungu kiliruka kutoka kiti cha nyuma kwenye kona, ingawa breki nilifunga kwa usahihi kabisa. Safari hii napika humu humu ndani. Akili!

Doa moja tu. Chumba kinachotazamana na chetu kakichukua Sernin Roquelaure, mfamasia, mwombaji mwenzangu. Chake kinaona minara. Chetu kinaona mapipa ya jikoni. Kanisalimia kwa upole, akauliza kama nimekuja na gari au safari hii chungu kimetembea chenyewe. Nikacheka kwa heshima. Atanijua.

Noélie kafungua sanduku langu akauliza mashati yako wapi. Nikamweleza kwamba maharage yanahitaji nafasi. Sasa yamo kwenye hodhi, yanalowa. Yeye kajifuta kwa kitambaa kwenye sinki, kisha kalala kanipa mgongo. Nadhani kaguswa.

Ijumaa, 10 Oktoba

Chumba kina meko ya mawe, mazuri ajabu, na kuni zimepangwa kwa mapambo. Mtu mwenye akili anaona nini? Jiko! Nikawasha wakati Noélie yuko chini anakunywa kahawa. Hakuna aliyeniambia kwamba dohani lilizibwa tangu enzi za babu zetu.

King'ora! Wageni wote uani na mavazi ya kuogea, upepo wa Cers, ule mkali wa kwetu, ukifunua yasiyofaa kufunuliwa. Miguu ya Roquelaure! Sitaisahau. Meneja aliniambia, kwa sauti ya chini sana, kwamba kuta hizi zimestahimili majeshi na angependa zinistahimili na mimi hadi Jumatatu.

Sasa sikia. Bibi Escande, Mkuu wa Udugu, alikuwa amekuja kukagua ukumbi. Akanusa hewa. Akauliza ni nani huyo ambaye bado anapika kwa kuni. Nikainua mkono. "Wazimu," akasema, "lakini wazimu wa kwetu." Hiyo naihesabu kuwa kura.

Noélie akateremka jikoni kuomba radhi. Karudi na habari kwamba mpishi mkuu kamwambia: "Karibu mama, oveni ipo, si mngesema tu?" Roquelaure kumbe alisema tangu jana. Sasa vyungu vyetu vitakaa jirani. Bila moshi wangu Noélie asingeteremka, kwa hiyo mafanikio ni yangu. Kasema atapanga nyama na maharage yeye mwenyewe, mimi nipumzike. Nimekubali. Jenerali hapakii mizinga.

Jumamosi, 11 Oktoba

Noélie yuko jikoni tangu asubuhi. Chungu kinataka mtu wa kukaa nacho: kila ganda likishika, linavunjwa na kusukumwa chini ili jingine lizaliwe, mara saba. Hiyo ni kazi ya mkono. Mimi niko kwenye kazi ya kichwa.

Dhambi kuu huku kwetu ni kunyunyiza chenga za mkate juu ya cassoulet ili ganda lipatikane kwa mkato. Wanafanya hivyo Paris. Mtu akibainika na chenga huku, hasalimiwi sokoni. Basi asubuhi, mezani, nilijaza mfuko wa koti mkate mkavu.

Mchana Roquelaure alikwenda kutembea juu ya kuta. Wapishi walitoka uani kuvuta sigara. Noélie alipanda chumbani kuinua miguu. Vyungu vyote viwili vilikuwa vimewekwa kwenye meza katikati ya jikoni vipumue, vya mfinyanzi mmoja, vinafanana kabisa. Asubuhi, tukiwa tumesimama kwenye mlango wa mbele, Noélie alinionyesha: chetu cha kushoto, cha mfamasia cha kulia. Mimi niliingia kwa mlango wa nyuma, ule wa mapipa, upande wa pili. Usiri mtupu! Nikaenda moja kwa moja kwenye chungu cha kulia. Nikanyunyiza. Nikatoka. Hata paka hakuniona.

Jioni niliagiza mvinyo mzuri. Noélie, ambaye alikuwa amerudi jikoni na kutoka na uso mzito, aliuliza tunasherehekea nini. Nikamwambia: haki.

Jumapili, 12 Oktoba

Majoho mekundu meza nzima. Wimbo wa Udugu.

Kwanza chungu cha Roquelaure. Bibi Escande akapeleka kijiko mdomoni. Nikasubiri kelele. Akatafuna. Akameza. Akasema ni kizuri, chumvi kidogo tu. Kizuri! Chenga zangu zimekwenda wapi?

Kisha chetu. Kijiko kikapasua ganda, mlio wake ukasikika ukumbi mzima. Bibi Escande akafumba macho. Mzee wa kando yake akafuta chozi. Nikaanza kusimama ili nihutubie, ila Bibi Escande aliniwahi kwa swali: ganda nimelivunja mara ngapi?

"Saba," nikajibu, kifua mbele.

Akauliza la mwisho nimelivunja lini, na kwa upande gani wa kijiko. Nikasema kijiko ni chombo chenye pande nyingi. Wazee wakatazamana.

"Mara nane," Noélie akasema kutoka nyuma. "Kwa mgongo wa kijiko. Ya nane ni leo asubuhi, maana jana kuna mpumbavu kanimwagia chenga za mkate. Nimekwangua juu kote nikaanza upya."

Wazee waliguna. Mmoja akapiga ishara ya msalaba.

"Mpumbavu gani huyo?" Bibi Escande aliunguruma.

Noélie akanitazama. Akanitazama sana. Mimi nikamtazama Roquelaure. Basi meza nzima ikamtazama Roquelaure. Akawa mwekundu, akapaliwa, akamwaga mvinyo, na mtu asiye na hatia hamwagi mvinyo.

"Simjui," Noélie akasema. "Ila si mfamasia. Yule ana adabu zake jikoni."

Bibi Escande akalichukua joho akaja upande wangu. Nikainamisha kichwa. Joho likapita juu yangu, likatua mabegani mwa Noélie. Ndiyo desturi, akasema: joho ni la aliyelivunja ganda.

Nililia. Nasema bila aibu. Alikuwa amependeza kuliko siku ya harusi. Na jina lililotangazwa ni lipi? Azéma! Mpango umefanikiwa kama nilivyoupanga, isipokuwa vipengele fulani.

Jumatatu, 13 Oktoba

Meneja katuruhusu tukae hadi jioni, kwa heshima ya Bibi Azéma. Noélie yuko ndani ya hodhi, maji ya moto hadi kidevuni, mlango kaufunga kwa ufunguo. Anaimba wimbo wa Udugu. Mimi nimeshasugua chungu.

Ameniita kupitia mlango. "Fulcran! Mfuko wa koti lako bado una chenga. Ukung'ute kabla binti yetu hajaja kutuchukua." Nikamwambia ni za ndege. Kacheka mpaka maji yakapita chini ya mlango.

Kila mwanachama huteua mtu wa kumbebea kofia kwenye maandamano ya Udugu. Kaniteua mimi. Roquelaure kanipa pongezi kwa tabasamu la kifamasia. Anadhani ni cheo kidogo. Hajui kwamba mbeba kofia hukaa nyuma kabisa ya kiti cha Mkuu, na Bibi Escande umri umekwenda.

Nimeijaribu kofia mbele ya kioo. Imenikaa barabara. Nimeshuka mapokezi kuomba chumba kile kile kwa mwakani, na nikauliza, kwa sauti ya kawaida tu, kama kuna chumba chenye hodhi kubwa zaidi. Maharage yanahitaji nafasi.