Kikombe Kimoja kwa Kila Kitu

Jumatatu, 4 Agosti
Nimejitolea kuoka keki ya harusi. Mumbe, binti wa marehemu kaka yangu, anaolewa Jumamosi hapa Msambweni. Mimi ndiye nitakayemshika mkono kumwingiza kanisani. Jirani yetu Kadzo, anayeokea mji mzima, alikuwa ameshaombwa. Nimemwambia asijisumbue. Mke wangu Munee ameuliza nimewahi kuoka nini. Nimemkumbusha kwamba nafanya kazi hotelini Diani. Akasema bustanini.

Jumanne, 5 Agosti
Mpishi wa hoteli amenitumia vipimo kwenye simu. Vyote kwa gramu. Unga mia tano, sukari mia tatu. Mizani sina. Kadzo anayo, lakini siombi. Nimejua la kufanya: kikombe cha maji kina gramu mia mbili na hamsini. Basi unga ni vikombe viwili, sukari kimoja na kidogo. Nashangaa watu wanaonunua mizani.

Jumatano, 6 Agosti
Keki ya majaribio. Bapa, inang'aa mafuta, imebonyea katikati. Munee kauliza kama ni chapati. Unga ulikuwa mchache, hilo nakubali. Dawa yake ni kuongeza maradufu. Nikaongeza kila kitu maradufu, nisiharibu uwiano.
Imetoka keki ile ile, kubwa zaidi.

Ijumaa, 8 Agosti
Kadzo amepita. Nadhani harufu imemfikia. Akatoa shikamoo, akakaa, akaitazama keki kwa muda. Kisha akasema taratibu: "Baba, unga ni mwepesi. Kikombe kimoja hakifiki hata gramu mia na thelathini. Sukari ndiyo nzito, inafika mia mbili. Kila kitu kina kikombe chake."
Nikamshukuru. Ni wivu tu. Anataka nitumie vikombe vinne vya unga, keki iwe tofali.
Nimeoka ya mwisho kwa hesabu yangu. Nimeificha chini ya sukari laini nyeupe. Kwa mbali inapendeza.

Jumamosi, 9 Agosti
Harusi imekwenda vizuri. Mumbe alinishika mkono kwa nguvu njia nzima.
Ukumbini nikakuta meza ina keki ya ghorofa tatu. Ya Kadzo. Munee alikuwa amemwomba tangu Jumatano, bila kuniambia. Yangu ilikuwa pembeni, imefunikwa kitambaa. Nikakaa mbali na meza.
Baada ya wakwe kulishwa, Mumbe akakifunua kile kitambaa mwenyewe. Akakata kipande, akakila chote, akiwa amesimama na shela yake. Akaniambia: "Baba mdogo, ni tamu." Akaomba maji. Akaomba tena maji. Ilinibidi niende nje kidogo.

Jumapili, 10 Agosti
Nimetafakari kwa utulivu. Kadzo hakukosea kabisa, na mimi pia sikukosea kabisa. Unga mia na thelathini, sukari mia mbili, maji mia mbili na hamsini. Nimejumlisha, nikagawanya kwa tatu, nikapunguza kidogo kwa usalama. Kuanzia leo kikombe cha kitu chochote ni gramu mia na tisini.
Mchungaji anahamia Taru mwisho wa mwezi. Baada ya ibada nimemwambia asihangaikie keki ya kumuaga. Munee ameshatoka. Nimemwona akielekea kwa Kadzo, sijui wana habari gani.