Uzinduzi wa Uwanja wa Ndege za Rimoti, Murera, Awamu ya Kwanza na Nusu

Mwenyekiti wa kamati ya mapokezi, ambaye ni mimi. Mgeni wa heshima, ambaye pia ni mimi. Wachungaji wote mliokuja na wale mliotuma maombi kwa simu. Imamu wetu kutoka Makongeni, asante kwa kukaa mbele. Wazee wa nyumba kumi. Mameneja kutoka Eneo la Viwanda Thika, ambao hawajafika lakini viti vyao vimefika. Akina mama wa chama. Watu wa Ruiru, watu wa Thika, na nyinyi wa Juja hapa katikati ambao kila siku mnaulizana mko upande gani. Vyombo vya habari, nikimaanisha yule dada ameinua simu. Watu wa tenti, watu wa spika, watu wa chai. Mabibi na mabwana, itifaki zote zimezingatiwa, na ile haijazingatiwa ijizingatie yenyewe. (Makofi. Mzee mmoja anaamka, anapiga makofi peke yake, analala tena.)

Kwa majina naitwa Ephantus Gachau, Afisa Mwandamizi Mkuu wa Uratibu wa Anga ya Chini, na kwa wale hawajui Anga ya Chini ni nini, ni ile hewa inaanzia kwa mabati ya nyumba yako mpaka pale ndege ya Mombasa inapita, hewa hiyo yote kutoka Ruiru hadi Thika iko kwa docket yangu, kwa hivyo ukiona umepumua vizuri tangu asubuhi, ujue kuna mtu ameketi kwa ofisi. (Kicheko. Sauti kutoka nyuma: "Ya jana ilikuwa na vumbi, mkubwa!") Hiyo ya vumbi ni ya idara nyingine.

Leo tumekusanyika hapa Murera, nje ya geti hii ya mabati, kuzindua rasmi, in a multi-sectoral manner, uwanja wa kisasa wa ndege za rimoti. Na mtu asiniulize mbona tuko nje. Tuko nje kwa sababu ndani ni site, na site ina risk, na mimi siwezi kupeleka wapiga kura wa watu kwa risk.

Kabla niendelee, Wakonyo simama. Simama wakuone! (Wakonyo, mwenyekiti wa klabu ya ndege za rimoti, anasimama. Amekumbatia ndege ya foam yenye mabawa ya manjano, urefu wa mkono na nusu, vile mtu hukumbatia mtoto kwa foleni ya kliniki.) Huyu msichana wiki nzima anapakia biskuti kiwandani Thika, na wikendi anaunda ndege. Anaunda na nini? Ile foam nyeupe mnatupa mkinunua TV! Glu, betri, kamota kadogo kama kizibo cha soda, propela, na rimoti ya vidole gumba viwili. Miaka miwili iliyopita nilipita hapa Murera kwa shughuli zangu za plot, nikasikia kitu inalia juu kama nyuki amekwama kwa chupa. Nikasimamisha gari. Nikaona hiyo ya manjano imepanda, ikapanda, ikajigeuza tumbo juu, nikashika kichwa nikasema, "Ngai, imekufa!" Kumbe inacheza. Ikashuka polepole, ikatua kwa nyasi na tumbo, shwaa, kama bata kwa maji. Na hapa watu wamejaa! Wazee, akina mama wamebeba mboga, mpaka mwendesha boda amesahau abiria amekaa nyuma. Wote wanacheka. Mimi kama mtaalamu nikaona hapo hapo kuna gap. Watu wanafurahi bila framework. Bila sera! Bila hata kitabu cha wageni!

Ndio maana kesho yake nikapiga marufuku kurusha ndege katika uwanja huu, ili tupate nafasi ya kujenga uwanja wa kurusha ndege.

(Hassan, fundi wa simu kutoka Makongeni na msaidizi wa Wakonyo, anasimama juu ya kiti: "Miaka mbili, mkubwa! Tunarushia nyuma ya soko, yangu iliingia kwa sufuria ya githeri ya mathe mmoja, nikafukuzwa na mwiko!")

Hassan, keti. Hiyo ni data na tumeichukua.

(Wakonyo: "Mheshimiwa, na heshima zote, sisi hatukuomba kujengewa. Tulikuwa na uwanja. Nyasi ilikuwa sawa. Tunataka tu kurudi ndani." Makofi makubwa kuliko yote ya tangu asubuhi.)

Asante, nimesikia hayo makofi na nayapokea kwa niaba ya ofisi. Lakini msichana wangu, kurudi ndani ni lugha ya zamani. Sisi tunaongea deliverables. Hebu wacha niwasomee. Runway ya lami, mita mia tatu. (Wakonyo: "Yangu haina magurudumu!") Tutaipatia. Control tower ya ghorofa nne yenye lifti. Lounge ya wageni mashuhuri yenye viti vinavyozunguka. Dawati la uhamiaji, kwa sababu haiwezekani ndege itoke Ruiru iingie Thika hivi hivi kama upepo, lazima igongwe muhuri. Ndege ya foam nayo itapimwa mizigo. Ikibeba betri moja, sawa. Ikibeba mbili, itaeleza. (Mzee wa mbele anaamka: "Na abiria watakaa wapi?") Mzee, hilo swali ni zuri sana na limenisumbua hata mimi, tuko na sub-committee inalishughulikia.

Takwimu. Utafiti wetu, tuliofanya kwa watu wanne, mmoja akiwa mimi, unaonyesha kwamba asilimia mia moja na nane ya wakazi wanaunga mkono ndege. Wale nane wa ziada ni wa Ruiru. (Vigelegele upande wa Ruiru. Upande wa Thika: "Enda huko! Ndege zimeundwa Thika!" Upande wa Ruiru: "Na zinaanguka Thika!") Msipigane, ndugu zangu, nyinyi nyote ni stakeholders. Benchmarking nayo tulienda, Mombasa, wiki mbili, tukakaa kwa hoteli ambayo ukilala chali kando ya maji unaona ndege zikipita juu. Nililala chali siku kumi na nne. Nilirudi nimeungua uso na tumbo. Kiongozi gani mwingine ameungua kwa ajili yenu?

Sasa, najua kuna maneno maneno huko mtaani kuhusu daktari wa mifugo. (Kicheko kinaanza polepole, kinasambaa.) Hapana, wacha tuongee, mimi si mtu wa kuficha. Mimi nimezaliwa na ulimi wa kwetu. Herufi L na herufi R kwangu ni mapacha, sijawahi kujua huyu ni nani na yule ni nani. Katibu wangu Tabby, yuko pale na faili, amenizoea miaka kumi na moja. Nikimwambia "Tabby, nataka kura," anaangalia saa. Ikiwa saa saba mchana ananiletea sahani. Ikiwa si saa saba anajua ni uchaguzi. Basi siku ile niko kwa barabara, network inakatikakatika, nikampigia: "Tabby, andika, mradi wa kurusha ndege." Tabby akasikia "kurisha." Na vile ananiheshimu, hakutaka niaibike kwa karatasi, akanirekebishia ile R yangu. Akaandika kulisha. Mradi wa Kulisha Ndege, Murera. Ikagongwa mihuri sita.

(Watu wanashikana mabega. Tabby anajifunika uso na faili. Mama mmoja: "Haiya! Kumbe ndio ule mtama!")

Ndio ule mtama, mathe. Magunia kumi na mbili, yalikuja na vihori, na daktari akatumwa kukagua ndege zina afya gani.

(Wakonyo: "Alidunga yangu sindano kwa bawa! Akaniuliza hutaga mara ngapi kwa wiki!" Hassan: "Yangu akaandika imekonda!")

Na hakuwa professional? Mtu ametumwa ndege, amekuta ndege, akafanya kazi yake! Hakuuliza maswali ya siasa. Akaweka mtama mbele ya kila moja, akangoja saa nzima na kalamu mkononi. Na leo nasimama hapa kifua mbele kuwatangazia kwamba hakuna ndege ya rimoti kutoka Ruiru mpaka Thika inaweza kushikwa na kideri, ule ugonjwa wa kuku. (Makofi, filimbi, mtu anagonga mabati ya geti.) Hiyo ndiyo naita kubadilisha changamoto kuwa opportunity.

Kwa hivyo watu wangu, ahadi yangu ni ile ile. Ifikapo mwisho wa financial year, au ule unaofuata, au wowote wenye mwisho, mtaona ndege hapa mpaka mchoke kurudisha kichwa nyuma. Tutakuwa na shule ya marubani. Tutakuwa na mashindano ya bara zima. Wakonyo utakuwa na ofisi yako yenye zulia, na hautakuwa na haja ya kurusha tena, utakuwa unasaini. (Wakonyo: "Lakini mimi napenda kurusha!") Ni kwa sababu hujawahi kusaini.

Sasa tusimame wote kwa slogan yetu. Nikisema Thika, mnasema juu! Thika! ("Juu!") Ruiru! ("Juu zaidi!") Hiyo ya zaidi imetoka wapi? Anga ya Chini! (Mtu mmoja: "Chini?") Hapana, hapo pia mnasema juu. Anga ya Chini! ("Juu!") Naona tumeelewana.

Nimalizie na shukrani, maana mtu akifanya kazi lazima atajwe. Nashukuru hoteli iliyotuazima huu mchoro mkubwa mnaona nyuma yangu. Ni mchoro wa swimming pool yao, lakini ukiuangalia kwa mbali una sura ya runway. Nashukuru mkandarasi, ambaye hangekosa kufika leo kama angekuwepo. Na namshukuru Tabby, aliyeamka mapema kutafuta faili ya Mradi wa Kurusha Ndege ili niwasomee hapa, akatafuta kwa kabati, akatafuta kwa kompyuta, akainua hata birika, akaniambia, "Bosi, hiyo hatukuwahi kufungua. Ya kulisha tulifunga kwa sababu daktari aliandika ndege zote zimekataa chakula. Na ya kurusha hatungefungua, maana vitabu vilionyesha Murera tayari iko na mradi wa ndege." Huo sasa ndio utunzaji wa kumbukumbu! Ofisi ngapi inaweza kukueleza kwa uhakika hivyo kitu ambacho hakiko?

(Wakonyo anageuka, anamwangalia Hassan. Hassan anashuka kwa kiti.)

Na zaidi ya wote namshukuru Munyao, askari wetu wa geti, ambaye kwa miaka miwili, jua na mvua, hakuruhusu mguu wa mtu yeyote kuingia ndani kuona maendeleo. Munyao, hoyee!

(Munyao, ambaye amekuwa ameegemea geti na rungu yake, anasimama wima: "Mheshimiwa, ngoja kidogo. Kwa hivyo mimi nalinda nini?")

Swali zuri. Unalinda uwezekano, Munyao.

("Mimi nimekuwa nikiona nyasi.")

Ndio huanzanga hivyo.

(Wakonyo: "Munyao, umenifukuza hapa mara ngapi?" Munyao anafikiria kwa uaminifu: "Karibu kila Jumamosi, madam, kwa kukosa barua. Mara moja nilikutupia kiatu." "Ulikuwa unanifukuza kwa amri ya nani?" Munyao anaangalia rungu. Anamwangalia mheshimiwa. Anaingiza mkono kwa mfuko wa koti, anatoa ufunguo, anafungua kufuli. Mnyororo unaanguka chini kwa kelele.)

Munyao, hapana, subirini, hatujakata utepe! Wananchi, tafadhali, kuna order of program! Baada yangu kuna vote of thanks, ambayo pia ni mimi! Mchungaji, hata wewe? Imamu, shikilia viti angalau! (Tenti inamwagika kuelekea getini. Ndani ni nyasi ya kufika magoti, imelala upande mmoja kwa upepo. Wakonyo anakimbia hatua tano, anaitupa ndege ya manjano juu kwa mkono. Inazama kidogo, watu wanashika vichwa, kisha inalia na kupanda, na Hassan anarusha yake.)

Imepanda bila clearance! Nawaambia hiyo ni anga yangu! Hiyo ni... haiya. Imeenda wapi? Iko pale. Imejigeuza. Mnaona? Imejigeuza tumbo juu, na ile ya Hassan inaifuata kwa mkia, wewe, wataguzana! Wameguzana! Hawajaguzana! (Spika bado zinafanya kazi, sauti inasikika mpaka barabarani.) Zungusha tena, Wakonyo! Mami, zungusha ile ya kwanza, ile ya tumbo! Aki ya Mungu, na inaskia kidole tu? Tabby, shikilia hii hotuba. Shikilia na koti. Wakonyo, nipee hiyo rimoti kidogo, dakika moja tu, mimi si ndio ofisi ya anga? Munyao, nipishe nipite.

(Munyao amesimama katikati ya geti, miguu imetanuka: "Simama hapo hapo, mheshimiwa. Huku ni saiti. Uko na barua?")

Barua? Barua ya nani?

("Ya mwenye mradi.")