Hotuba ya Mkurugenzi Akifungua Zahanati ya Sehemu za Nyuma za Watoto wa Mbwa

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Maandalizi, waheshimiwa wajumbe wa Kamati Ndogo ya Kuiandaa Kamati ya Maandalizi, waheshimiwa wawakilishi wa waheshimiwa walioshindwa kufika, viongozi wa dini mlioko kivulini, wazee, akina mama, vijana mlioko juani, nanyi ndugu zetu wenye mikia: nawasalimu kwa unyenyekevu wa mja ambaye Mwenyezi Mungu, kwa hekima isiyohojiwa, amemjalia cheo cha Mkurugenzi. (Makofi. Mtoto wa mbwa analia mapajani mwa mama mshonaji, safu ya mbele.)

Tumshukuru Muumba aliyempa mbwa mwanzo na mwisho, kisha akaijalia ofisi yangu kuushughulikia mwisho huo, maana kwa miaka mingi sera zetu za mifugo zimekuwa zikitazama mdomoni tu. Upembuzi yakinifu, tulioufanya katika hoteli tulivu yenye bwawa la kuogelea, umebaini kwamba asilimia mia moja ya watoto wa mbwa hujisaidia kwa kutumia sehemu hiyo hiyo moja, bila mbadala wowote. (Mshangao.) Dalili za hatari, kama zilivyoainishwa katika semina elekezi, ni mtoto wa mbwa kujikamua muda mrefu bila kutoa kitu, kuburuza makalio sakafuni, kutoa kinyesi chenye damu au minyoo, na, iliyo nzito kuliko zote, utumbo wa mwisho kujitokeza nje, mwekundu na umevimba.

(Mama mshonaji anasimama na kumgeuza mbwa wake. "Baba Mkurugenzi, ndiyo hii. Imetoka tangu asubuhi, na inakauka.")

Ahsante, mama. Huo ndio tunaouita ushirikishwaji wa jamii. Keti. (Makofi.)

Daktari wa mifugo, aliye hapa jukwaani, ananinong'oneza kama anaweza kumhudumia mgonjwa huyo sasa. Namjibu hadharani, kwa upole wa kibaba: itifaki hairuhusu mgonjwa kutibiwa kabla ya utepe kukatwa, wala utepe kukatwa kabla hotuba haijafika ukurasa wake wa mwisho. Huu ni wa pili.

("Mzee," anasema daktari, "nyama ile ikikauka itaoza, na mbwa atakufa nayo.")

Kifo, ndugu zangu, kimo mikononi mwa Mungu. Itifaki imo mikononi mwangu.

Hata hivyo, kwa kuwa tiba imetajwa, nitaisoma sasa, nikiziruka kurasa zinazohusu maisha yangu. Sehemu iliyotoka ilowanishwe kwa maji safi, ipakwe sukari ili uvimbe upungue, (daktari anashuka jukwaani na chupa ya maji ya Mkurugenzi na bakuli la sukari la chai ya wageni rasmi) kisha daktari mwenye glavu na mafuta airudishe ndani taratibu, ashone uzi kuzunguka tundu huku akiacha nafasi ya choo, na mbwa apewe dawa ya minyoo na chakula laini. Mwenye mbwa asijaribu kuirudisha mwenyewe nyumbani. Naomba chupa yangu.

Naambiwa daktari anataka chumba. (Mama mshonaji anausukuma mlango nyuma ya utepe. Upande wa pili ni nyasi na mbuzi mmoja.) Ndugu zangu, msinung'unike. Miradi mingi huanza na msingi, ikafia kwenye msingi. Sisi tulijiuliza: katika ufunguzi, hufunguliwa nini? Hufunguliwa mlango. Basi tukaanza na mlango, na bawaba zake mwazisikia, hazilii.

(Daktari amepiga magoti katika kivuli cha mlango, mama ameushika mkia. Kitambo. "Imeingia," anasema mama. Umati mzima unasimama na kupiga makofi.)

Nawashukuru, nawashukuru, ketini. Sikutegemea maneno yangu kuhusu bawaba yangewagusa kiasi hicho.

Nihitimishe. Nikisema mkia juu, mseme maendeleo mbele. Mkia juu. (Watu wachache: maendeleo mbele.) Namshukuru fundi seremala kwa mlango, na mwenye kiwanja aliyetuazima hadi alasiri, akisisitiza kwamba tusichimbe. Nawashukuru wataalamu wa ramani, ambao hatukuwaita, na hazina, ambayo hatukuiomba kitu, kwa kuwa mradi wenyewe haumo katika mpango wowote. Na mwisho, kwa moyo mkunjufu, namshukuru mama huyu. Hatukudhani mtu angekuja kweli na mgonjwa. Tulikuwa tumekwisha kuazima mbwa mzima kwa ajili ya picha. Mungu akubariki, mama. Sasa naomba wewe na daktari msogee, mmeuziba mlango.