Kabla Hujakichimba Kichwa Changu

Manika, Kolwezi

Kwa Daktari Tharcisse Mbayo, mpasuaji wa ubongo, Lubumbashi

Mheshimiwa Daktari,

Nakusalimu kwa heshima, mimi Louis Lukusa, mgonjwa wako wa kifafa, yule mzee aliyekuuliza maswali hadi muuguzi akaenda kula. Ulinionyesha picha ya ubongo wangu, ukasema kovu linaloniangusha ni dogo kama punje ya haragwe, dawa zimelishindwa, na ungependa kulitoa. Wengi hupona, ulisema. Wachache hupoteza baadhi ya maneno au kumbukumbu. Kisha ukasema uamuzi ni wangu, ukanipa muda mpaka Pasaka. Nimetafakari kwa utulivu, na nina malalamiko.

1. Kuhusu neno "dogo". Kazi yangu ilikuwa kuchora ramani za mgodi, kwa hiyo niruhusu nieleze. Hapa Kolwezi kila shimo lilianza dogo. Kwanza huja mtu na nyundo, achukue jiwe moja tu la kupima. Halafu huja barabara ya kulifikia jiwe. Halafu mtaa mzima huambiwa uhame. Shemeji yangu Ruffin alichimba choo uani akaona jiwe la kijani, la shaba. Leo choo hakipo, ua haupo, na Ruffin anaishi kwetu.

2. Wakaaji hawakuulizwa. Mgodi wenye adabu huita mkutano kwanza. Kichwani mwangu wanaishi nyimbo za Kiluba alizonifundisha mama, majina ya shangazi zangu wote, na njia ya zamani ya kwenda Mutoshi. Ukiwahamisha, watakwenda wapi? Desturi tunaijua: huonyeshwa mabati na kuahidiwa maji.

3. Kifafa kimenipa cheo. Parokiani sichaguliwi katika kamati yoyote, na benchi zima ni langu. Sipandishwi juu ya paa, situmwi sokoni, sibebeshwi mtoto. Vijana wa taxi-moto, wale wa pikipiki za abiria, hunikataa kwa upole: "Tata, mi siwezi kukubeba. Ukianguka, batasema ni mi." Basi natembea kwa miguu, na moyo wangu ni wa kijana. Ukiniponya, Jumapili ile ile nitafanywa katibu wa kamati ya mazishi. Utakuja kuandika wewe?

4. Hata ukifaulu, nyumbani hakuna atakayejua. Wanapolipua mwamba kwenye mgodi wa Mashamba, vikombe hutetemeka kabatini. Mke wangu, Mama Mianda, akisikia vikombe haulizi kama ni baruti au ni mimi nimeanguka. Huja mbio na mto, hunilaza ubavu: "Lala kwanza, Tata. Gazeti haina miguu." Nimelazwa hivyo nikiwa mzima kabisa, miwani usoni, katikati ya sentensi. Kwa hiyo, ili tiba ikamilike, ama umpasue Mama Mianda kwanza, ama uwaombe wa Mashamba waache baruti.

5. Ulisema utaniamsha katikati ya kazi nizungumze, ili ujue maneno yangu yanakaa wapi. Hili nalikubali. Katika nyumba yangu hajapata kutokea mtu aliyelazimika kunisikiliza hadi mwisho. Nimeandaa somo juu ya tabaka za mawe. Ila naomba nilitoe bila kupasuliwa.

Kwa hiyo naomba uondoe kifafa na uache cheo, kwa kunipa cheti kwamba ningali mgonjwa, nikisome mbele ya kamati. Ikishindikana, kichwa kibaki kimefungwa.

Nisalimie wauguzi wote, hasa yule wa mapokezi aliyeniita kijana. Mama Mianda anakusalimu, na Ruffin pia, akiwa kitandani kwangu.

Ni mimi ninayekuheshimu, kichwa kikiwa bado kizima,

Louis Lukusa

N.B. Nilikuwa nimekwisha kutia sahihi alipofika binti yetu Falonne na mtoto wake wa kwanza, aliyepewa jina langu. Niliomba kumbeba. Wakatazamana. Mwishowe wakanikalisha mkekani, wakaniwekea mtoto mikononi. Mama Mianda akatia mikono yake chini ya yangu, na Falonne akatia yake chini ya ile ya mama yake. Tukakaa hivyo, na vikombe havikulia. Uzito wa mtoto sikuujua.

Usingoje Pasaka, Daktari. Mtoto akishajua kutembea, hataki tena kubebwa.